Bibi Harusi Ana Somo Wake, Mwanafunzi wa Dahalia Ana Nani?



Leo hatuna hina wala singo. Leo tuna ugomvi, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu ugomvi wenyewe unatugusa sote, aliyeolewa na asiyeolewa.

Mtoto wa kike wa visiwa hivi akishaposwa na siku ya nikaha ikatajwa, nyumba haitulii. Anatafutwa mtu wa hina, anatafutwa mtu wa singo, na kabla ya hao wote linaulizwa swali moja: somo wake nani? Somo hachaguliwi kwa wingi wa dhahabu mikononi. Anachaguliwa kwa sababu ameshaipita njia ambayo mwari anaiendea. Anayajua mashimo yake. Ana kifua cha kuweka siri. Na neno lake mwari hulisikiliza pale ambapo neno la mama angelionea haya. Siku za kukaa ndani, siku za fungate, somo yupo. Akiulizwa usiku wa manane, anajibu.

Sasa mchukueni mtoto huyohuyo miaka michache kabla ya posa. Amefaulu kidato cha sita, amepata chuo. Anapandishwa boti Mkoani, au anatiwa kwenye gari kutoka Makunduchi au Nungwi, na godoro lake, ndoo, pasi, kanga doti tatu, msahafu na chupa ya achari. Baba anasoma dua. Mama anasema, "Soma mwanangu, usiangalie wenzio." Anafikishwa dahalia, anapewa ufunguo, na wazee wanarudi. Atakaa pale miaka mitatu au minne. Somo wake wa maisha hayo nani?

Hana. Yuko matroni mwenye daftari la kutia saini na kanuni zilizobandikwa ukutani: saa ya kurudi, marufuku ya jiko la umeme, marufuku ya wageni. Matroni ni mtu muhimu na tunamuombea kheri, lakini kazi yake ni mlango na maji na taa. Kwa fungate ya siku saba tunampa mtoto mtu wa kumshika mkono. Kwa miaka minne tunampa kitanda.

Na mtu wa kumshika mkono yupo! Anaishi humohumo, pengine ghorofa ya juu yake. Ni dada anayesoma shahada ya uzamili, au ya uzamivu, aliyeshapita kila mlango ambao huyu mdogo anauogopa. Ugomvi wetu ni huo. Tunasema vyuo vyetu vimekosea kumuacha dada huyu awe mpangaji tu. Tunasema na yeye dada amekosea kukubali kuwa mpangaji. Na tunasema wazazi tumekosea kutouliza.

Sapu mbili na godoro lililofungwa

Tunamjua mmoja. Jina lake hatulitaji wala chuo chake. Alitoka Pemba, wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Skuli alikuwa wa mbele siku zote. Chuoni akakutana na takwimu, zinasomeshwa kwa Kiingereza cha haraka katika ukumbi uliojaa, na yeye amekaa nyuma kwa haya. Hakuuliza, maana hakujua kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kumfuata mwalimu kwa saa maalumu na kusema, "Hapa sikufahamu." Matokeo ya muhula yakatoka. Mbele ya nambari yake pana sapu mbili.

Yeye alidhani sapu ni kufukuzwa. Siku mbili hakula wala hakutoka chumbani. Wiki ileile ikaja posa nyumbani, ya mtu mzima mwenye heshima zake, na mama akapiga simu kumuuliza, bila ya kumlazimisha. Akasema ndiyo. Akafunga godoro lake, akarudi kwao. Mtihani wa kurudia ulipofika, kiti chake kilikuwa kitupu.

Kwa asiyejua: sapu ni mtihani wa kurudia tu. Unasoma upya, unakaa tena, unafaulu, unaendelea. Wapo madaktari na walimu wakubwa waliopata sapu. Kinachomtoa mtu chuoni ni disko, na baina ya sapu na disko pana safari ndefu yenye milango mingi ya kurudia.

Mlango wa tatu kutoka chumba cha mtoto yule alikaa dada wa uzamili. Dada huyo, katika mwaka wake wa kwanza, alipata sapu tatu, moja katika takwimu hizohizo. Dakika kumi za maneno yake zingetosha. Walikutana kila asubuhi bombani, wakasalimiana, wakapishana na ndoo zao.

Dada yule yumo miongoni mwetu sisi tunaoandika haya. Kwa hiyo asije mtu akadhani tumekaa juu ya dari tunawatupia wengine mawe.

Na tusifahamike vibaya. Ndoa ile si mbaya. Yule bibi ana watoto wake na nyumba yake, Alhamdulillah. Lakini mwenyewe alituambia siku moja, huku anamenya mbatata, kwamba angependa kuingia katika ndoa ile akiwa anaitaka, badala ya kuingia akiwa anakimbia. Ndoa ni neema. Haikuwekwa iwe pango la kumficha mtu na sapu.

Mambo yasiyoandikwa popote

Vyuo hutoa kitabu cha mwongozo kwa wageni. Kina ramani, kina ada, kina sura ya nidhamu. Hakina yale ambayo mtoto wa kike anayahitaji saa tano za usiku.

Hakimwambii kwamba boom likiingia, wiki ya mwanzo ndiyo wiki ya hatari. Pesa ya kula ya miezi miwili inaonekana nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli. Buibui jipya, simu mpya, mkopo kwa shoga, na wiki ya tano mtoto anakunywa chai kavu. Mtoto mwenye njaa dahalia ndiye anayesikiliza salamu za watu wa magari. Hili kila aliyewahi kukaa dahalia analijua, na kila mtu analinyamazia.

Hakimwambii kuhusu "ndoa" za siri. Wenzetu, tusidanganyane. Wapo vijana wanaowaambia mabinti, "Mimi sitaki zinaa, nataka halali, tutafute mtu atusomee, mashahidi marafiki zangu wawili, wazazi tutawaambia tukimaliza." Kwa masikio ya binti mcha Mungu aliye mbali na kwao, maneno haya yanasikika kama uchamungu. Lakini madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa, yanamhesabu walii kuwa nguzo ya nikaha. Bila ya yeye hapana kilichofungwa. Mimba ikija, kijana anabadilisha nambari ya simu, na binti hana cheti, hana walii, hana pa kudai. Matroni hawezi kulijua hili mpaka tumbo lionekane. Mama hawezi kuambiwa. Dada aliyemtangulia miaka mitano ndiye anayeweza kuambiwa, tena mapema, kwa kicheko na chai.

Wala hakimwambii afanye nini mwalimu akimuandikia ujumbe saa nne za usiku kwamba aje peke yake "kurekebisha alama". Rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Kwa Tanzania Bara, wanakovuka mabinti wetu wengi kwenda kusoma, imetajwa wazi katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Lakini mtoto wa miaka ishirini haanzi na sheria. Anaanza na hofu: nikisema nitafelishwa, nikinyamaza nitaangamia. Anahitaji mtu wa kumwambia hivi: ujumbe usiufute. Ofisini usiende peke yako, mimi nitakuja nawe na nitakaa mlangoni. Na kesho tunakwenda pamoja kwa mkuu wa idara. Mtu wa namna hiyo lazima awe anaijua idara, na asiwe na cha kuogopa kutoka kwa mwalimu yule. Dada wa uzamili ana nafasi hiyo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa hosteli mpya, majengo 20 ya wanafunzi 3,840. Ilikuwa kheri kubwa, na mwenye kukumbuka shida ya kubebana, wawili kitanda kimoja na wa tatu chini, hawezi kuidharau kheri ile. Nchi yetu imejifunza kuhesabu vitanda na kujisifia vitanda. Tunachotaka sasa ni kuhesabu jambo jengine: kwa kila ghorofa, yuko mwanamke mkubwa mmoja anayewajua kwa majina wasichana wanaolala hapo?

Naswaha si ukaguzi

Tunajua baadhi yenu mtasema: jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu zipo, darasa za baada ya Isha zipo, dada wakubwa wanatoa naswaha. Ni kweli, na tunawaombea Mwenyezi Mungu awalipe. Wengi wetu tulihifadhi juzuu zetu katika darasa hizo.

Lakini tuseme na la pili. Dahalia nyingine naswaha imegeuka ukaguzi. Dada mkubwa anapita chumba kwa chumba kuangalia nani hakuamka Alfajiri, nani mtandio wake mfupi, nani ana muziki kwenye simu. Binti aliyeteleza akimuona anakuja, anafunga mlango. Basi aliyekuwa anamhitaji zaidi ndiye anayemkimbia zaidi. Yule aliyevaa vizuri na kuamka vizuri anasifiwa, na pengine ndiye mwenye njaa, ndiye mwenye sapu, ndiye aliyeandikiwa ujumbe na mwalimu. Hakuna anayemuuliza, maana mtandio wake umekaa sawa.

Somo wa mwari hafanyi hivyo. Somo haendi kutangaza makosa ya mwari wake ukumbini. Anamrekebisha akiwa amemshika bega. Tungependa ucha Mungu wa dahalia ufanane na ule wa somo: karibu, kwa siri, kwa huruma, na kwa mtu ambaye naye amewahi kukosea na hasahau.

Si jambo la kuletwa na meli

Mwengine atasema haya mambo ya wanafunzi wakubwa kulea wadogo katika mabweni ni ya Kizungu. Ni kweli kwamba wenzetu wanayo. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilipofungua nyumba zake za wanafunzi mwaka 1930, kiliweka ndani yake walimu wa kuishi na vijana, na mpaka leo wengi wanaokaa humo kwa kazi hiyo ni wanafunzi wa shahada za juu. Lakini jambo lenyewe kwetu sisi lina umri mkubwa zaidi ya huo.

Madrasa kubwa za Kiislamu, kama Nidhamiya ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka 1067, zilikuwa na malazi ya wanafunzi. Katika madrasa za zama hizo ikajitokeza kazi yenye jina lake: muid, maana yake mwenye kurudia. Huyu alikuwa mwanafunzi aliyetangulia. Mudarisi akimaliza darasa na kuondoka, muid alikaa na wadogo akawarudilia mpaka kila mmoja afahamu. Na mpaka leo vyuo vikuu vya Misri vinamwita muid yule mhitimu anayeendelea na uzamili huku akiwasomesha walio chini yake. Al-Azhar yenyewe iliwalaza wanafunzi wake katika riwaqi, kila watu na pahala pao kwa nchi walizotoka, ili mgeni asiwe mgeni peke yake. Waislamu wa pembe yetu hii ya Afrika walikuwa na riwaqi yao, ya Jabarti.

Na wanawake? Shifaa binti Abdullah ndiye aliyemfundisha Mama wa Waumini Hafsa kuandika, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Huko Sokoto, katika karne ya 19, Nana Asma'u binti ya Sheikh Uthman dan Fodio aliwakusanya wanawake katika mpango ulioitwa Yan Taru. Aliwasomesha wachache, kisha hao, waliopewa cheo cha jaji, wakatoka kwenda vijijini kuwasomesha wenzao na kuwaleta kwake kwa makundi. Alifariki mwaka 1864. Hakuwa na bajeti ya wizara. Alikuwa na wanawake waliokubali kwamba aliyejua jana anadaiwa na asiyejua leo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Nani kati yetu, chuoni kwa maalimu, hakuoneshwa alifu na mwanafunzi mkubwa kabla ya zamu ya kufika mbele ya maalimu? Tulikaa mkekani, wakubwa wakashika vidole vyetu juu ya juzuu. Tukakua, tukajenga vyuo vya ghorofa nne, na tukausahau mkeka.

Mnatuambia nini?

Tumezungumza haya kwenye mabaraza na majibu tuliyopata ni matatu. Tuyajibu.

Dada wa uzamili wanasema: "Sisi tuna tasnifu, wengine tuna waume na watoto. Hatukuja kulea." Dada zetu, tunaijua tasnifu. Tunamjua msimamizi asiyejibu barua pepe, na tunajua kuandika sura ya pili usiku huku umempakata mtoto. Kwa hiyo hatumtaki kila dada. Mwenye mtoto mchanga aachwe apumue. Lakini kwa wengine wetu "nimeshughulika" ni pazia. Tunaona kupanda daraja ni kupanda ghorofa, na kukaa na wa mwaka wa kwanza ni kujishusha. Mtu akisoma mpaka akaona haya kukaa na mdogo wake, elimu hiyo ataieleza vipi siku ya kuulizwa aliifanyia nini?

Wakubwa wa vyuo wanasema hakuna fedha. Tunauliza: kitanda kimoja ni kiasi gani? Dada wa uzamili asamehewe kodi ya dahalia, apewe mafunzo ya siku chache na washauri wa wanafunzi, aandikiwe mkataba. Chuo kinapoteza kodi ya kitanda kimoja. Kila msichana anayefunga godoro lake katikati ya mwaka, chuo kinapoteza ada yake yote iliyobaki, na nchi inapoteza mwalimu au mkunga. Hesabu hii haihitaji takwimu.

Na kazi hii isifanywe bure kwa jina la thawabu. Tumezoea kuwaambia wanawake "fanyeni fisabilillahi" kwa kila kazi ambayo wanaume hulipwa. Thawabu anatoa Mwenyezi Mungu. Kitanda atoe chuo.

Wazazi wanasema: "Huyo dada mkubwa tutamjuaje? Asije akamharibu mtoto." Swali zuri, na tungefurahi kama mngeliuliza pia kuhusu mwenye nyumba ya kupanga mtaani, mnakomuacha mtoto mkikosa nafasi dahalia. Dada huyu achaguliwe kwa usaili, asimamiwe, na atolewe akikosea. Somo wa mwari naye hamumuokoti njiani, mnamuulizia kwanza. Muulizieni na huyu.

Tunachotaka

Tunakisema waziwazi, ili asiwepo wa kusema hakufahamu.

Kila ghorofa ya dahalia ya wanawake iwe na dada mmoja wa uzamili, mwenye wasichana kumi au kumi na mbili wa mwaka wa kwanza, na alale ghorofa hiyohiyo. Asiwe na mamlaka ya kuadhibu. Daftari la saini libaki kwa matroni, kwa sababu mtu hamwambii siri zake mwenye rungu. Akutane nao kila wiki, hata kwa saa moja ya Ijumaa baada ya Alasiri, na amuone kila mmoja peke yake japo mara mbili kwa muhula. Asipangwe kwa Unguja na Pemba, wala kwa chama, wala kwa ukoo. Msichana asiye Muislamu aliye ghorofa ile naye ni jirani, na haki ya jirani tunaijua.

Siri ziwe amana, ila pale penye hatari ya roho au dhulma ya mwili. Binti akisema hataki kuishi, au ameingiliwa kwa nguvu, dada asijifanye daktari wala kadhi. Ampeleke kwa washauri, hospitali, kituo cha Mkono kwa Mkono, na amsindikize mwenyewe. Kumsindikiza ndiyo kazi yake. Kutibu ni kazi ya wengine, na hilo aambiwe tangu siku ya mafunzo, ili asibebe mzigo utakaomvunja.

Mpaka vyuo vitakapoamka, dada wa uzamili unayesoma haya usiku huu, usisubiri mkataba. Gonga mlango mmoja tu. Beba vitumbua viwili. Usiulize kuhusu Alfajiri wala mtandio. Uliza, "Umeshajiandikisha masomo yako yote? Umekula leo?" Kisha kaa usikilize.

Na nyinyi mabibi harusi wetu, mliokuja hapa kutafuta rangi ya hina: wengi wenu mtaolewa huku mnasoma, na wengine mmeshaolewa na bado mko dahalia. Kwenu tuna maneno mawili. La kwanza, mnapoandika masharti yenu kabla ya nikaha, masomo yaandikwe, na mwaka wa kumaliza uandikwe. Mtafuteni dada aliyesoma ndani ya ndoa awaambie alivyogawa siku yake, maana hilo somo wa singo huenda halijui. La pili, usiku wa kicheni pati tunakusanya laki kwa laki kwa ajili ya sahani na mapazia. Muoneeni haya kidogo yule mwenzenu wa chumba cha pili anayekunywa chai kavu. Sahani moja ikipungua, harusi haiharibiki.

Wazazi, mwezi wa kupeleka watoto unakuja. Mkifika dahalia, kabla ya kukabidhiwa ufunguo, muulizeni msimamizi swali lilelile ambalo hamuachi kuliuliza posa ikishajibiwa: somo wa mwanangu hapa nani? Asipokuwa na jibu, msinyamaze. Muulize na mzazi atakayefuata nyuma yenu, na wa nyuma yake. Chuo kinaweza kumnyamazisha mwanafunzi mmoja. Foleni ya akina mama na mabuibui yao, kila mmoja na swali hilohilo, hakiiwezi.

Yule bibi wa Pemba mwaka huu ameomba kurudi chuoni, kwa ridhaa ya mumewe. Ameanza upya, mwaka wa kwanza, yeye na mtoto wake wa nne mgongoni. Safari hii nambari ya simu ya kumpigia anayo. Tulimpa sisi, tumechelewa miaka kumi na moja. Muombeeni, na mtuombee na sisi tusamehewe kuchelewa huko.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.